Kabla Hujalipia Hiyo Almasi

Ukikaa kwenye kaunta ya sonara kwa muda, unaanza kumjua mteja kwa namna anavyotoa pete mfukoni. Mwenye wasiwasi huiweka juu ya kaunta taratibu, halafu badala ya kuuliza anaanza kusimulia: ameipulizia, ukungu ukapotea haraka, ameiweka kwenye glasi ya maji, ikazama, amekwangua nayo kioo, kikachubuka. Anachosubiri ni kuambiwa hongera.

Tatizo ni kwamba vipimo hivyo vya nyumbani vinaweza kukuonyesha kuwa jiwe ni feki, lakini haviwezi kukuthibitishia kuwa ni almasi. Kuzama? Hata kipande cha chupa ya soda kinazama. Kukwangua kioo? Kwatzi inakwangua, safaya nyeupe inakwangua, zirkonia, lile jiwe la kiwandani linaloiga almasi, inakwangua, na kama jiwe ni laini kuliko ulivyodhani basi umeliharibu wewe mwenyewe. Ukungu hupotea haraka kwenye almasi kwa sababu almasi inapitisha joto upesi sana, ila moisanaiti, jiwe jingine la kiwandani linaloiga almasi, nayo ina tabia hiyo hiyo. Na wanaosema almasi ya kweli haivunjiki ikigongwa nyundo, tafadhali, nyundo iacheni kwa fundi seremala. Almasi ina ugumu wa 10 kwenye kipimo cha Mohs, maana yake haikwaruziki kirahisi. Kuvunjika inavunjika. Ina pande nne inazopasukia, na ikigongwa kwenye upande mmojawapo inagawanyika vizuri tu. Aliyeanzisha habari ya nyundo hakuwa anagonga jiwe alilolinunua kwa pesa yake.

Kinachofaa ni lenzi ndogo ya mkononi inayokuza mara 10. Si ghali, na ukijifunza kuitumia itakuokoa mara nyingi kuliko mashine. Shika jiwe kwa kibano, au kama limo kwenye pete shika pete, sogeza lenzi karibu kabisa na jicho, kisha leta jiwe kwenye lenzi mpaka lionekane vizuri. Anza na kingo, pale nyuso mbili zilizokatwa zinapokutana. Kwenye almasi kingo ni kali na zimenyooka. Kwenye zirkonia iliyovaliwa muda mrefu utakuta zimelika, na uso wa juu una mikwaruzo ya sabuni, vumbi na maisha. Kisha tafuta vidoa vya ndani: vidoti vyeusi, mawingu madogo, nyufa nyembamba. Almasi asilia ya bei ya kawaida mara nyingi ina kasoro kama hizo. Jiwe kubwa lisilo na doa lolote, linalouzwa kwa bei ya simu, lina jambo. Mapovu ya duara ni glasi, hapo mjadala umekwisha.

Moisanaiti ndiyo inayosumbua siku hizi, kwa sababu kile kipimo cha joto chenye ncha, ambacho maduka mengi wanacho, kinalia "almasi" kikiigusa. Nimemwona kijana akipigwa picha huku mashine inalia, anafurahi, na kila aliye dukani anafurahi naye. Chukua lenzi, inamisha jiwe kidogo pembeni, tazama kupitia uso wa juu mpaka kwenye kingo za chini. Ukiona kila mstari umekuwa miwili, kama namna macho yanavyoona ukiwa na usingizi, hiyo ni moisanaiti. Jiwe hilo linaigawa nuru mara mbili, almasi haifanyi hivyo. Pia huwaka rangi za upinde wa mvua kupita kiasi. Almasi inatoa mwanga mweupe mwingi, rangi zikijitokeza hapa na pale. Kuna vipimo vya pamoja vinavyopima joto na umeme, hivyo ndivyo vya kuulizia.

Kama jiwe halijafungwa kwenye pete, kuna njia ninayoipenda kuliko zote maana haina ubishi: mizani na kipimo cha milimita. Almasi ya duara iliyokatwa kwa uwiano mzuri, yenye upana wa milimita 6.5, inakaribia karati 1, yaani gramu 0.2. Zirkonia ya ukubwa huo huo itakaribia karati 1.7, kwa sababu ni nzito zaidi. Mtu akikwambia "hii ni karati mbili" na jicho lako linaona ni ndogo, huenda hajakudanganya kuhusu uzito. Amekudanganya kuhusu jiwe. Topazi nyeupe ndiyo inayoweza kuponyoka hapo, uzito wake unalingana sana na wa almasi, lakini mng'ao wake umepoa, ukiiweka kando ya almasi utaona.

Angalia pia chuma. Ndani ya pete kuna mihuri: 750 au 585 ni dhahabu, 925 ni fedha. Almasi ya maana ndani ya shaba iliyopakwa rangi sijaona. Na wengine huandika wenyewe CZ, yaani zirkonia, humo ndani, ila mnunuzi hakugeuza pete.

Jiwe ghafi ni habari nyingine. Maganzo, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, iko jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao mjiolojia John Williamson kutoka Kanada aliugundua mwaka 1940, na wachimbaji wadogo wanaosha changarawe maeneo hayo mpaka leo. Kwa hiyo ile hadithi ya "kuna kijana wetu ameokota jiwe Maganzo, ana shida ya haraka" ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza. Wengi wanatarajia kitu cheupe kinachometameta. Almasi ghafi haimeti hivyo. Ina mng'ao mzito, kana kwamba imepakwa mafuta, na inaweza kuwa ya njano, kahawia au pinki. Mwadui ndiko ilikotoka ile ya pinki ya karati 54.5, mwaka 1947, aliyozawadiwa Malkia Elizabeth akiwa bado binti mfalme. Ikiwa na umbo zuri utakuta nyuso nane, na kwa lenzi utaona vishimo vidogo vya pembetatu juu yake. Kwatzi ina pande sita zenye mistari ya kukata mlalo. Chupa iliyosuguliwa kwa mchanga haina umbo lolote.

Lakini hata ukiyajua hayo, usinunue jiwe ghafi kwenye gari wala gesti. Likiwa feki, umeliwa. Likiwa la kweli na huna leseni, umevunja sheria, na huna pa kwenda kulalamika. Matapeli wanalijua hilo vizuri. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 yana wathamini wa serikali, nenda huko.

Bado kuna almasi ya maabara. Hiyo ni almasi kweli, kaboni ile ile, na lenzi au kipimo cha kawaida cha kaunta havitakwambia imetengenezwa, kwa kawaida inahitaji maabara. Siyo feki, ila bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni, kwa hiyo kuuziwa kwa bei ya asilia ni kuibiwa. Hapo ndipo cheti kinapohitajika. Cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, kina namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti yao, na mara nyingi namba hiyo imechorwa kwa leza kiunoni mwa jiwe, yaani kwenye ukingo wake mpana wa katikati. Usiishie kwenye namba, kwa kuwa kuna wanaochora namba halali kwenye jiwe jingine. Linganisha uzito na vipimo vya milimita na kilichoandikwa.

Muuzaji anayekataa jiwe lipimwe kwingine kabla hujalipa, mwachie jiwe lake. Anayekubali, mwambie aandike kwenye risiti ya EFD "almasi asilia" au "almasi ya maabara", karati ngapi na namba ya cheti. Neno "pete" peke yake kwenye risiti halikusaidii kitu.