Kabla ya Forza, pitia matopeni kwanza

Juzi kijana mmoja kutoka Kahama ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimejibana mpaka nimepata laki moja, nataka Forza Horizon 5, ile gemu ya magari. Laptopu yangu ina ramu ya GB 8. Ninunue?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, kwa sababu miaka miwili iliyopita nilikuwa mahali hapo hapo ulipo.

Mimi nilinunua. Ile Mexico ya ndani ya gemu ilikuwa imeniteka: volkano, dhoruba za vumbi, msitu, fukwe, magari mamia kwa mamia, na ramani nzima iko wazi uende unakotaka. Muuza laptopu alikuwa ameniapia kwamba mashine ile inabeba gemu yoyote. Gemu yenyewe inataka nafasi ya GB 110. Nilishusha kwa bando la usiku, usiku tisa mfululizo, mchana kazini nasinzia. Siku ya kumi nikawaita binamu zangu waje waone. Gemu ikaanza: ndege ikafungua mlango, gari la Ford Bronco likadondoka juu ya volkano, na picha ikaganda hapo hapo. Ikasogea kidogo, ikaganda tena. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na mmoja wao mpaka leo ananiita "Mexico". Inaniuma bado, sifichi.

Kumbe gemu hiyo kwenye kompyuta inataka angalau kadi ya picha (kile kipande kinachochora picha za gemu) ya daraja la GTX 970. Laptopu yangu haikuwa na kadi yake, ilitegemea picha za prosesa tu. Ramu ilitosha, kadi haikuwepo. Kwa hiyo usiniambie ramu, niambie kadi.

Nilikaa miezi mingi bila kugusa gemu, nikichanga. Nikapata kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye kadi ya wastani, na safari hii nikaanza na SnowRunner, gemu ya malori ya mwaka 2020. Hapo ndipo nilipoyapenda magari upya. Unaanzia Michigan, barabara zimekatwa na mafuriko, una pikapu na lori kuukuu, na kazi yako ni kufikisha mbao na vyuma. Hakuna wa kushindana naye. Adui yako ni tope.

Mjomba wangu aliendesha malori njia ya Ifakara enzi za masika ya kweli. Jioni moja alisimama nyuma yangu nikiwa nimezama mpaka ekseli, mguu umekandamiza mafuta. "Toa mguu! Unajichimbia kaburi. Funga difu, tia gia nzito, tafuta mti ufunge winchi." Nikafanya: difu ikafungwa magurudumu yazunguke pamoja, winchi ikavuta kwa kamba. Lori likatoka taratibu, likinguruma. Mzee akavuta kiti. Akauliza mbona hatupunguzi upepo kwenye matairi. Kwenye SnowRunner huwezi, ila kwenye Expeditions ya mwaka 2024, iliyotoka ukoo huo huo, unaweza. Nilipomwonyesha alipiga makofi.

Ndiyo maana nawaambia vijana wenzangu: acheni kununua kwa kutazama video za matangazo. Najua sote tunataka usukani wa kweli na pedali tatu, tushindane na watu wa mbali. Lakini asiyejua tairi linashikaje ardhi, usukani huo utamsaidia nini? Forza ni tamu, siipingi, na tangu 2025 ipo hata PlayStation 5. Ila mle gari la kifahari linapita katikati ya msitu kama lipo lami, na ukikosea unabonyeza kitufe, muda unarudi nyuma. Inakustarehesha, haikufundishi.

Ukitaka gemu ya rali, yaani mbio za magari, kwenye mashine nyepesi, chukua art of rally. Unaliona gari kutoka juu, picha zake ni rahisi, lakini breki ya mkono isipowahi unaishia vichakani. Mwaka 2021 waliiongezea Kenya bila malipo. Ukishapata mashine yenye nguvu, nenda EA Sports WRC ya 2023, ambayo ina Safari Rally na vumbi lake la Naivasha. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo ni ya kwetu pia. Mle msikilize navigeta wako, anayekusomea kona zijazo. Akisema kona kali, ni kali. Mimi nilimpuuza nikang'oa gurudumu.

Kwa hiyo mdogo wangu, hiyo laki iweke. Fungua laptopu, tazama jina la kadi, linganisha na ukurasa wa gemu, kisha nitumie jina hilo. Kama haina kadi, anza na art of rally, na chenji ichangie mashine ya mezani. Usisikilize muuzaji. Usiwaite binamu kabla hujajaribu mwenyewe.

Jumapili mjomba anakuja tena. Kwenye SnowRunner tuna trela la magogo limelala ubavu mtoni tangu wiki iliyopita, na ameniambia nisiliguse mpaka afike.