Tovuti ya darasa: niweke nini ili wazazi waifungue?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 4 hapa Kondele, Kisumu. Wazazi wanalalamika kwamba habari za mtoto huzipata siku ya kufunga shule tu. Nikiandika kwenye kundi la WhatsApp, ujumbe unafunikwa na salamu na michango ya matanga. Nataka kufungua tovuti ya darasa. Je, ni ghali? Niweke nini?

JIBU: Mwalimu, kwako si ghali. Ukiwa na akaunti ya Gmail, Google Sites, huduma ya Google ya kutengenezea tovuti, ni ya bure. Tumia kompyuta kuitengeneza. Anayelipa ni mzazi, kwa bando lake. Picha ya simu huweza kufika megabaiti 3 au zaidi, kwa hiyo ipunguze hadi chini ya kilobaiti 200 kabla ya kuipandisha. Video ziache kabisa.

Ukurasa mmoja unatosha, habari mpya zikiwa juu. Usinakili mpango wako wa somo pale. Mama anayeuza samaki soko la Kibuye hataki kusoma "matokeo maalumu yanayotarajiwa". Mwandikie hivi: "Wiki hii tumejifunza sehemu. Mkila chapati leo, mwambie mtoto akukatie robo tatu, kisha akueleze imebaki ngapi." Hapo hata mzazi ambaye hakusoma sana anajua mtoto ameelewa au la. Naona hili lina uzito kuliko mapambo yote ya tovuti. Kama wengi wao ni wa Kijaluo, ongeza mstari mmoja kwa Dholuo.

Majina na alama usiziweke, hata kwa nia ya kumsifu mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na kiungo kikishasambaa huwezi kukirudisha. Piga picha ya kazi ya mikono, si ya uso.

WhatsApp usiifunge. Kila Ijumaa tuma kiungo huko, ukibandike juu ya kundi. Wenye kabambe, yaani simu ndogo isiyofungua tovuti, waandikie mistari miwili ileile kwenye daftari la mtoto. Wasije wakaachwa nyuma na teknolojia iliyoletwa kwa ajili yao.

Siku ya mkutano wa wazazi, waombe waifungue palepale, kila mtu kwa simu yake. Atakayekwama, msaidie kabla hajaondoka.