Maharage, magadi na jaribio lisilopendelea upande

Ukiwaambia wanafunzi kwamba leo tunajifunza kupanga jaribio, wengi watafungua daftari na kuandika vichwa vinne: lengo, vifaa, utaratibu, matokeo. Vyote wanavijua kwa kichwa. Na mwanafunzi anaweza kuvijaza bila kosa hata moja, jaribio lake likawa halithibitishi kitu chochote. Nafundisha sayansi hapa Moshi, na Jumamosi nasimamia klabu ya kidato cha kwanza na cha pili. Mwalimu mwenzangu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aweke daftari pembeni aanze na ubishi.

Chagua jambo ambalo kila nyumba ina msimamo wake. Kwetu ni magadi: je, kweli yanaivisha maharage haraka? Bibi wa huyu anaapa kwamba bila magadi hakuna maharage, mama wa yule anasema yanaharibu ladha tu. Waache wavutane kidogo, halafu uliza: tutajuaje?

Jibu la kwanza karibu kila mara ni sufuria mbili, moja yenye magadi na nyingine bila. Usikubali, usikatae. Gawa darasa: kundi moja lipange jaribio, jingine liwe la wapinzani, kazi yake kutafuta upendeleo kabla kiberiti hakijawashwa. Watoto waliokulia kwenye chandimu hawahitaji somo la haki; goli moja likiwa pana kuliko jingine, mechi haichezwi.

Ndipo utasikia "Mwalimu, hiyo siyo haki!" kila upande. Maharage yametoka gunia moja? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, maana maharage yaliyokaa sana ghalani ni magumu kuiva kuliko ya msimu mpya. Ukinunua kilo moja soko la Mbuyuni na nyingine duka la jirani, huenda unapima umri wa maharage huku ukidhani unapima magadi. Yamelowekwa kwa muda sawa? Maji ni ya ndoo moja? Maji yenye chokaa nyingi hukawiza maharage. Wakati wanazozana, andika ubaoni mambo matatu tu: tunabadilisha nini, tunapima nini, nini kibaki vilevile. Orodha ya mwisho itakuwa ndefu kuliko nyingine zote, na ndivyo inavyotakiwa.

Kinachosumbua zaidi ni moto. Majiko mawili ya mkaa hayawaki sawa hata ukipima mkaa kwa mizani. Suluhisho lililotufaa lilitoka kwa mwanafunzi: makopo mawili ya chuma yanayofanana, kila moja na maharage na maji yake, yote ndani ya sufuria moja kubwa ya maji yanayochemka. Moto unakuwa mmoja, na makopo yanabadilishana nafasi kila baada ya muda. Ni njia ya polepole, kwa hiyo loweka usiku kucha na uanze asubuhi. Wakipima maji yanayochemka wasidhani kipimajoto kibovu: kwa mwinuko wa Moshi yanachemka kwenye takriban nyuzi joto 97, siyo 100.

Halafu, kuiva ni nini? Kila mtu atataka kuonja. Kataa, maharage mekundu ambayo hayajaiva vizuri yanaweza kutapisha. Badala yake, kila robo saa chota punje kumi kutoka kila kopo bila kuchagua, zisuuzwe kwa maji baridi, kisha zibonyezwe kwa vidole viwili. Hesabu ngapi zimepondeka bila kubaki na kiini kigumu. Namba hiyo ndiyo inayoingia kwenye jedwali.

Anayebonyeza afungwe macho kwa mtandio. Magadi hubadilisha rangi ya maharage, hivyo akiona tu atajua kopo lipi ni lipi, na mjukuu wa yule bibi atakuta punje laini kila anapogusa kopo la magadi. Wala hatakuwa anadanganya, ndiyo maana tunamfunga macho. Kusuuza nako kunaondoa utelezi ambao ungetoa siri.

Rudieni jaribio zima angalau mara tatu. Hapa sina maneno mengi: mara moja inaweza kuwa bahati.

Wakichoka na masharti haya nawasimulia habari ya Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Alitia mchanganyiko wa maziwa kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake. Mwalimu hakumwamini. Baadaye Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, alilichukua kwa uzito swali lake, kwa nini maji ya moto yagande kabla ya yaliyo baridi, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Kwa kawaida habari hii husimuliwa kama onyo kwa walimu wenye dharau, na onyo hilo linatuhusu. Mimi napenda zaidi kilichofuata: wanasayansi bado wanabishania jambo hilo, na sehemu kubwa ya ubishi ni juu ya kusawazisha. Chombo kilikuwa cha aina gani? Maji kiasi gani yalipotea kwa mvuke? Kipimajoto kiliwekwa kina gani? Ni maswali yaleyale ya wapinzani wetu.

Kwenye kusahihisha, natoa alama nyingi kwa mpango na kwa utabiri ulioandikwa kabla ya moto kuwashwa, chache kwa matokeo. Ukizawadia jibu sahihi, watapika namba badala ya maharage.

Kwetu kopo la magadi huwa linatangulia. Papo hapo mtu anauliza: je, magadi yakiongezwa mara mbili, yataiva haraka mara mbili? Hapo makundi yanabadilishana kazi. Wapinzani wa juzi wanapanga, na swali la kwanza wanaloulizwa ni kama kijiko cha magadi kilijazwa kwa kilele au kilisawazishwa kwa rula.