Saa kuchomoka kwenye mkanda

Ndugu, umeuliza kwa nini saa yako ya michezo imechomoka mara mbili ukikimbia Karura, ilhali mkanda ni mpya. Mara nyingi kosa huwa kwenye zile pini za springi zinazoshikilia mkanda kwenye saa, si mkanda.

Chomoa pini, bonyeza ncha yake kwa ukucha. Isiporuka nje papo hapo, huenda jasho limeshaingia na kutu imekwamisha springi. Itupe. Badilisha zote mbili kwa pamoja, kwani zimezeeka pamoja, na bei yake ni ndogo.

Kabla ya kwenda kwa fundi, pima nafasi kati ya masikio ya saa, yaani zile ncha mbili ambapo mkanda hufungwa. Ikiwa ni milimita 22, chukua pini ya 22. Ya 20 hushika tundu kwa ncha tu, na ukigonga chuma cha mlango wa matatu, saa imekwenda. Omba ya chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 1.8 badala ya 1.5, mradi ipite kwenye mkanda na ncha zake ziingie kwenye tundu.

Ukishaifunga, zungusha pini kidogo hadi usikie "tik", kisha vuta mkanda kwa nguvu pande zote. Fanya kazi hii juu ya taulo, maana pini huruka.

Kama saa yako inatumia skrubu badala ya pini, tia tone dogo la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu isilegee (threadlocker). Nyekundu usiguse kabisa, ni vigumu sana kuifungua tena.

Binafsi ningechagua mkanda wa nailoni wa kipande kimoja unaopita chini ya saa: pini moja ikikatika, nyingine bado inaishikilia.