Cherehani inalipa, hamu imekwisha

Dada, umeuliza kwa nini ushonaji unakulipa vizuri lakini asubuhi unaona uzito kufungua duka. Pesa inalipa kodi ya fremu. Hamu ina chanzo kingine: uhuru wa kujipangia, ufundi wenyewe, au kumwona mwanagenzi akikata kola bila kuharibu kitambaa. Kipi ni chako? Kwa wiki 2, kwenye daftari la mauzo, weka alama kila kazi iliyokusahaulisha saa. Alama zikiangukia magauni, yatengee siku 1 kwa wiki, oda 2 tu. Sare za shule, zinazokulipia kodi, usiziache kabisa! Wengi hukosea hapo: hukimbilia wanachokipenda, kodi ikawashinda. Mwanagenzi azishone, wewe ukague pindo na vifungo.