Umeumia kwenye kazi ya chuma? Fidia yako inategemea kilichoandikwa wiki ya kwanza

Anayeanza kazi ya chuma hufundishwa kuvaa miwani kabla ya kuwasha grinda, kuvua glavu kabla ya kushika drili ya meza, na kusimama pembeni jiwe la kusagia linapoanza kuzunguka. Hafundishwi la kufanya saa moja baada ya kidole kuingia kwenye presi. Hapo ndipo pesa hupatikana au hupotea, maana fidia nchini Kenya hailipwi kwa kiasi cha maumivu. Inalipwa kwa kilichoandikwa, aliyekiandika, na tarehe aliyokiandika.

Sheria yenyewe ni ile ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007. Mafundi, madaktari na makarani wa bima wote wanaiita WIBA. Jambo la kwanza kujua kuihusu ni kwamba huhitaji kuthibitisha kuwa mwajiri alikosea. Unathibitisha mambo mawili tu: kwamba wewe ni mwajiriwa wake, na kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo msimamizi akikwambia “ulitoa kinga ya mashine mwenyewe, hakuna kitu hapa,” usikunje mkia. Kosa linaloweza kukunyima fidia ni la makusudi kabisa, na hata hilo halitoshi kama umepata ulemavu mkubwa au umekufa. Tena kama jeraha ni kubwa, na ulikuwa unafanya jambo la kumfaa mwajiri, sheria inaihesabu ajali kuwa ya kazini hata kama ulikuwa umekiuka agizo. Kinga ya presi nyingi hutolewa kwa sababu oda inachelewa, na kila mtu karakanani anajua nani alisema itolewe.

Sasa hilo la kuwa mwajiriwa. Vibarua wengi wa viwanda vya chuma wanadhani WIBA ni ya watu wenye barua ya ajira. Si kweli. Ukifanya kazi kwa mshahara umo, na mwanagenzi anayejifunza kazi yumo pia. Mwenye banda la jua kali Kamukunji aliyeajiri vijana wawili wa kukunja bati ni mwajiri sawasawa na kiwanda cha nondo. Asiyekuwa na mwajiri ni yule anayejitegemea, anayechomelea mageti yake mwenyewe na kuyauza. Huyo WIBA haimgusi, na inambidi ajikatie bima.

Kama huna barua, ushahidi wako ni wa vipande vipande, na uanze kuukusanya leo kabla hujaumia. Ujumbe wa M-Pesa wa kila Jumamosi kutoka nambari ya mkubwa una nguvu sana, kwa hiyo usiufute. Ukibadilisha simu, omba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita na uiweke. Piga picha kadi ya kuingia langoni, karatasi ya zamu ubaoni, na ovaroli yenye jina la kampuni. Kama unalipwa na wakala aliyekupeleka kiwandani, andika majina yote mawili: anayekulipa na anayekuamuru. Kukitokea ajali kila mmoja atamwelekezea mwenzake kidole. Na mkivutana kuhusu masharti ya kazi mbele ya mahakama, mzigo unamwangukia mwajiri aliyeshindwa kutoa mkataba wa maandishi, si wewe.

Ukiumia, mwambie msimamizi papo hapo. Taarifa ya mdomo inakubalika kisheria, lakini mdomo hausomeki miezi minane baadaye. Siku hiyo hiyo tuma ujumbe wa simu, wewe au mwenzako, mfupi na wenye saa: “Leo tarehe 14, saa nne asubuhi, mkono wangu wa kulia umebanwa na mashine ya kukata bati, sehemu ya pili. Alikuwepo fulani na fulani. Nimepelekwa hospitali.” Hakuna haja ya kueleza kosa ni la nani. Kisha hakikisha ajali imeingia kwenye kitabu cha ajali cha kiwanda, na upige picha ukurasa huo.

Hospitalini ndipo wengi hujiharibia wenyewe. Daktari wa zamu anauliza imekuwaje, mgonjwa ana uchungu, msimamizi amesimama kando, na kadi inaandikwa “kidonda cha mkono” basi. Au vibaya zaidi, “aliumia nyumbani,” kwa sababu mwajiri ametaka utumie SHA, bima yako ya afya ya serikali, badala ya kulipa yeye. Kadi hiyo ya hospitali ndiyo karatasi ya kwanza ambayo bima itaiomba. Mwambie daktari aandike vitu vinne: kwamba umeumia kazini, jina la mwajiri, mashine gani, na kiungo gani hasa, kulia au kushoto. Isome kabla hujatoka. Kama imekosewa, omba irekebishwe siku hiyo hiyo. Marekebisho ya miezi mitatu baadaye huonekana kama hadithi iliyotungwa.

Gharama za matibabu ni za mwajiri. Humo mna hospitali, upasuaji, dawa, uuguzi, mkono au mguu wa bandia na matengenezo yake, magongo, pamoja na nauli ya kwenda kliniki. Hazikatwi kwenye fidia yako. Weka kila risiti, hata ya matatu ikipatikana. Na kama jeraha limekuweka nje ya kazi kwa siku tatu au zaidi, una haki ya malipo ya muda yanayolingana na mshahara wako, ndani ya viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa, kwa muda usiozidi miezi 12. Yule anayekupa “nusu mshahara kwa ubinadamu” hakufadhili, anakupunja.

Mwajiri ana siku 7 tangu apate habari kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, idara ambayo watu wanaiita DOSH. Mtu akifa, ni ndani ya saa 24. Ripoti hiyo hujazwa kwenye fomu ya DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza ni ya mwajiri, ya pili ni ya daktari. Siku ya nane ikifika hujaona nakala, uliza kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo. Ukiona kimya, usisubiri huruma: nenda mwenyewe ofisi ya DOSH ya kaunti yako, au Safety House pale Industrial Area kama uko Nairobi, ukiwa na kadi ya hospitali, kitambulisho na ushahidi wa mshahara, na utoe taarifa. Ni rahisi kudanganywa na maneno “pona kwanza, tutajaza fomu baadaye.” Dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na ajali ambayo haikuripotiwa ndani ya miezi hiyo hupoteza haki yake. Kidole kilichosagwa huweza kupasuliwa mara mbili tatu, mwaka ukaisha ukiwa bado unasubiri kupona.

Wengi pia hukimbilia polisi kutafuta P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Hiyo ni ya shambulio na ajali za barabarani. Kwa presi, rola au kreni ya kiwandani, fomu yako ni WIBA 1.

Sehemu ya daktari ndiyo yenye thamani kubwa, na inahitaji macho yako. Jedwali la kwanza la sheria linapima ulemavu wa kudumu kwa asilimia, na kwa vidole linahesabu pingili. Kupoteza pingili moja ya kidole cha shahada si sawa na kupoteza mbili, na mbili si sawa na tatu. Kidole gumba kina pingili mbili na kina uzito wake mkubwa. Daktari akiandika “amekatika kidole cha pili” bila kusema amekatika kwenye kiungo gani, karani atachagua asilimia ya chini. Yanayotakiwa kuonekana ni: mkono upi, kidole kipi kwa jina, pingili ngapi zimekwenda, kama kilichobaki kinakunjika, kama ncha ina ganzi, na kama mshiko umepungua. Kidole ambacho hakikukatika lakini kimekakamaa nacho ni ulemavu. Watu wa mashine ya kukunja bati wanalijua hilo, kwa kuwa kidole kisichokunjika hunaswa kwa urahisi kuliko kilichokatika. Usiende kupimwa asilimia ukiwa bado na nyuzi. Ripoti ajali mapema, pimwa asilimia baada ya jeraha kutulia.

Hesabu yenyewe si fumbo. Chukua mapato ya mwezi, zidisha kwa 96, kisha zidisha kwa asilimia ya ulemavu. Tuseme fundi analipwa shilingi 24,000 kwa mwezi na amekadiriwa asilimia 10. 24,000 mara 96 ni 2,304,000; asilimia 10 yake ni shilingi 230,400. Sasa angalia jinsi mapato yanavyobadilisha mambo. Kama kila mwezi alikuwa akifanya ovataimu ya kawaida inayomfikisha 31,000, fidia ile ile inakuwa 297,600. Ovataimu ya mara moja moja haihesabiwi, wala zawadi ya Krismasi, lakini ovataimu ya kudumu inahesabiwa, na vilevile thamani ya chakula au nyumba unayopewa na mwajiri. Mwajiri anayejaza mshahara wa msingi tu kwenye fomu anapunguza fidia yako bila kugusa asilimia hata moja. Ndiyo maana taarifa ya M-Pesa ya miezi sita ina kazi mara mbili.

DOSH ikimaliza, hutoa fomu ya WIBA 4 inayoonyesha kiasi anachotakiwa kulipa mwajiri au bima yake. Kampuni ya bima ina siku 90 kulipa dai baada ya kuwasilishwa. Mwajiri ambaye hakukata bima amevunja sheria, lakini deni halifutiki. Linabaki shingoni mwake. Ukiona kiasi ni kidogo, pinga kwa maandishi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60. Anatakiwa kukujibu ndani ya siku 14, na jibu lisipokuridhisha una siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Pinga kwa hoja moja iliyo wazi: asilimia haifuati jedwali, au mapato yamekosewa. Barua ya kulalamika tu kwamba “nimeonewa” hurudi ilivyokwenda.

Jihadhari na madalali wanaozunguka nje ya hospitali wakiahidi “kesi kubwa mahakamani.” Kifungu cha 16 cha WIBA kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake moja kwa moja kudai fidia ya jeraha nje ya utaratibu huu, na Mahakama ya Juu ilithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Wakili mzuri ana nafasi yake kwenye rufaa, au pale mwajiri anapogoma kulipa kilichokadiriwa. Lakini kesi mpya iliyoanzia mahakamani huku DOSH haijui lolote inaweza kutupwa nje, na ikitupwa, ile miezi 12 nayo imeshakwenda.

Kabla ya cheki utapewa karatasi ya kusaini kwamba umelipwa na huna dai lingine. Linganisha kiasi na WIBA 4, usisaini yenye nafasi wazi, na uchukue nakala. Makubaliano ya pembeni ya “chukua elfu hamsini tumalizane” mara nyingi huja wiki ya kwanza, kabla asilimia haijajulikana. Ukirudi kwenye hesabu ya juu utaona kwa nini wana haraka.

Majeraha ya macho na masikio yana shida yake. Mwanga wa weldi hauumi papo hapo. Macho huanza kuwasha kama yamejaa mchanga saa kadhaa baadaye, usiku, ukiwa nyumbani. Asubuhi mtu anakwenda duka la dawa, ananunua matone, na hakuna rekodi popote. Chembe ya grinda nayo huacha duara la kutu kwenye kioo cha jicho kama haikutolewa upesi, na kovu lake hubaki hata baada ya maumivu kuisha. Tuma ujumbe kwa msimamizi usiku huo huo, uende kliniki ya macho, na kadi itaje kuchomelea au kusaga kwa grinda kazini.

Masikio ni magumu zaidi kwa sababu hayana siku ya ajali. Kanuni za kelele za Kenya zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Nyundo juu ya bamba na grinda kubwa ndani ya banda la mabati hupita hapo bila shida. Wiki ya kwanza ya kazi, omba upimwe usikivu, na uhifadhi grafu ya kipimo hicho. Bila grafu ya mwanzo, bima itasema ulikuja ukiwa kiziwi nusu tayari.