Maswali ya wasomaji: Tukijitoa COMESA, viwanda vyetu vitafufuka?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nchi ikijitoa kwenye jumuiya ya biashara kama COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na kuzuia bidhaa za nje mpakani, je, viwanda vilivyolala vitaamka? Tumechagua tano kutoka Muhoroni, Kisumu, Busia na Nakuru, baadhi zikihusu kazi ya kiwanda chenyewe.

Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya ili ijitegemee. Kwa nini Kenya isijitoe COMESA, sukari ya bei rahisi isiingie tena, nasi wakulima wa miwa tupumue? (Mkulima, Muhoroni)

Mzee, kujitoa kwenyewe si kazi ngumu. Mkataba wa COMESA unadai notisi ya maandishi ya mwaka mmoja tu. Tanzania ilifanya hivyo, ikatoka mwaka 2000, ikabaki SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kutoka Afrika Mashariki ndiko kugumu: sharti theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, kisha ndipo notisi ya miezi 12 itolewe.

Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020, na tangu 1 Januari 2021 inafanya biashara na Ulaya kwa mkataba mpya. Ushuru ni sifuri, lakini mwenye kiwanda lazima athibitishe kwamba bidhaa yake ina asili ya Uingereza au ya Ulaya. Gari lisilothibitishwa hutozwa asilimia 10. Hapo ndipo magari ya umeme yalipokwama, kwa sababu betri nyingi hutoka Asia. Masharti makali ya betri yalipaswa kuanza 2024. Desemba 2023 pande zote mbili zikakubaliana kuyasogeza hadi mwisho wa 2026, kwani viwanda vya betri vya huko havikuwa tayari. Sheria ya mpakani ilikuwa na tarehe yake, ila viwanda vya kuitimiza vilihitaji miaka zaidi.

Sasa turudi kwenye miwa. Kenya ilipewa ruhusa maalumu ya kupunguza sukari ya COMESA tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ruhusa hiyo ikaongezwa mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Sukari ya kutoka nje ya jumuiya zetu nayo hutozwa ushuru wa asilimia 100. Kwa hiyo ukuta tulikuwa nao bila kujitoa popote, na bado kiwanda cha Mumias kilianguka huku ukuta umesimama. Ndiyo maana hatukushauri kuweka tumaini lako lote mpakani. Liweke zaidi kwenye mizani ya kiwanda, pale miwa yako inapopimwa.

Miwa iliyokomaa vizuri na kufika mapema hutoa tani 1 ya sukari kwa kila tani 10 hivi za miwa. Miwa michanga au iliyolala barabarani huhitaji tani 14, wakati mwingine zaidi. Chukua kiwanda kinachosaga tani 3,000 kwa siku: siku nzuri kinatoa tani 300 za sukari, siku mbaya 214. Wafanyakazi ni walewale, boila ni ileile, mishahara haipungui. Hizo tani 86 zinazopotea kila siku mbaya ni moja ya sababu za sukari yetu kuwa ghali kuliko ya Zambia au Malawi. Hali ya miwa michanga ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili mashamba yakomae.

Kuna mambo yaliyo mikononi mwako. Huku magharibi miwa ya kupandwa mara ya kwanza hukomaa karibu na miezi 18. Andika tarehe ya kupanda ya kila kipande cha shamba, na usikubali kukata kwa sababu tu dalali amekuja na pesa mkononi. Kata usawa wa ardhi, maana sehemu ya chini ya muwa ndiyo yenye sukari nyingi. Ondoa kilele chote. Kina sukari kidogo na huharibu rangi ya maji ya miwa. Baada ya kukata, hesabu saa wala si siku. Muwa ukivuka saa 48, sukari yake hugeuka kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hazigandi kuwa chembe. Uliochomwa moto huharibika upesi zaidi. Bakteria huingia pale panga lilipopita na kutengeneza utelezi, maji ya miwa yakawa mazito kama ute wa mlenda, uchemshaji ukachelewa, na chembe za sukari zikatoka ndefu kama sindano. Mpishi wa sukari akiziona chembe hizo anajua kuna trela zilizolala uwanjani.

Nasikia sabuni za nje zikipungua, sisi wadogo tutauza. Nataka kuanza na kilo 10 za mafuta hapa Kondele. Nitie kostiki kiasi gani? Niliyojaribu ilitoka laini na yenye mafuta juu. (Mama wa sabuni, Kisumu)

Dada, kosa liko kwenye vipimo au kwenye kostiki yenyewe, na yote mawili yanarekebishika. Kila aina ya mafuta hula kostiki soda kwa kiwango chake. Kilo 1 ya mafuta ya mawese hula gramu 142 hivi, ya nazi hula gramu 183 hivi. Anayetumia kipimo kimoja kwa mafuta yote lazima siku moja atoe sabuni inayowasha mikono na siku nyingine sabuni inayolia mafuta.

Tumia kilo 7 za mawese kwa ugumu na kilo 3 za nazi kwa povu. Hesabu inakuwa gramu 994 na gramu 549, jumla 1,543. Toa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kulinda ngozi: gramu 1,466. Maji ni kilo 3. Pima yote kwa mizani ya dijitali, hata maji, kikombe hakifai.

Maji ya mvua ni bora. Maji ya kisima yenye chumvi ya chokaa hushika sehemu ya sabuni na kuifanya utando mweupe usiotoa povu.

Vaa glavu na miwani, fanyia kazi nje. Weka maji kwanza kwenye ndoo nene ya plastiki au sufuria ya chuma cha pua, kisha mimina kostiki kidogo kidogo ukikoroga. Usigeuze mpangilio huo: ukimwaga maji juu ya kostiki, hufoka na kukurukia usoni. Na usitumie kamwe sufuria ya alumini, hizi za kawaida za jikoni. Kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15 huku ukipelekwa hospitali, siki usiiguse.

Mchanganyiko huo hupanda joto sana. Uache ushuke hadi nyuzi 40 hivi, na mafuta yaliyoyeyushwa yawe kwenye nyuzi 40 hadi 45. Mimina kostiki kwenye mafuta ukikoroga mfululizo. Baada ya dakika 20 hadi 40 utaona uji mzito. Inua mwiko, na tone likianguka likaacha mstari juu bila kuzama, sabuni iko tayari kwa fomu. Tandika karatasi ya nailoni ndani ya fomu ya mbao, mimina, funika kwa blanketi saa 24. Kata miche siku ya pili, uipange kwenye rafu yenye hewa kwa wiki 4. Utapata kilo 13 hivi zilizokauka.

Kuhusu ile yako iliyotoka laini: tunashuku kostiki. Gunia la kilo 25 likifunguliwa na kuachwa wazi, kostiki huvuta unyevu na hewa ya ukaa. Hapo unapima kilo moja kumbe sehemu yake ni maji na magadi ya kawaida yasiyoshika mafuta. Ukiona vipande vimeshikana au vinatoa jasho, usivitumie. Siku ileile unayofungua gunia, gawa kwenye madebe ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, kilo 3 kila moja. Sababu nyingine ni kuacha kukoroga mapema: uji huonekana mzito kwa sababu mafuta yamepoa, si kwa sababu yameshikana.

Kuuza unahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Duka kubwa halitakupokea bila hiyo. Anza maombi mapema, maana sampuli lazima ipimwe, na sabuni yenye kostiki iliyobaki itafeli.

Sabuni yangu natengeneza Kisumu lakini mafuta na kostiki vyote vinatoka nje. Mpakani itahesabiwa ya Kenya kweli? (Msomaji, Kisumu)

Kwa mafuta na kostiki, ndiyo. Kanuni za COMESA zina njia kadhaa za bidhaa kupata uasili, na moja ni kubadilika kwa kifungu cha ushuru, yaani namba ambayo forodha huipa kila kundi la bidhaa. Mafuta ya mawese yako kifungu 1511, kostiki 2815, sabuni 3401. Umeingiza vitu vya vifungu vingine ukatoa cha 3401, kwa hiyo umetengeneza.

Jihadhari na njia ya mkato. Baadhi ya wenye viwanda huagiza sabuni ya chembechembe, wakaisaga na manukato, wakaigonga muhuri. Chembechembe hizo tayari ziko 3401, kwa hiyo kifungu hakijabadilika. Hapo unabaki na njia nyingine, kwa mfano kuonyesha kwamba thamani uliyoongeza hapa si chini ya asilimia 35 ya gharama ya bidhaa ikitoka kiwandani. Ikiwa mche unakugharimu shilingi 100 na chembechembe za nje peke yake ni shilingi 80, umeshindwa. Weka ankara zote za ununuzi, kila fungu na tarehe yake, kwa sababu afisa wa forodha atataka kuziona.

Kwa mzigo mdogo wa kwenda Uganda kupitia Busia au Malaba, usiozidi dola 2,000 za Marekani, kuna cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki kinachotolewa papo hapo mpakani, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wengi huvuka kwa njia za panya kwa kutojua tu kwamba cheti hicho kipo, na mzigo ukikamatwa mtaji wote umekwenda.

Mnunuzi amekataa pamba ya kikundi chetu, anasema ina nailoni. Hatujachanganya chochote. (Katibu wa kikundi, Busia)

Mmebebea kwenye magunia ya plastiki, yale ya mbolea au ya sukari. Nyuzi zake hung'oka, mashine ya kuchambua huzikatakata, zikasokotwa pamoja na pamba hadi kwenye kitambaa. Hazionekani hadi siku ya kutia rangi: rangi haizishiki, na sare ya shule ya buluu inatoka na madoadoa meupe. Kitambaa chote hurudishwa. Tumieni magunia ya kitambaa cha pamba, fungeni kwa uzi wa pamba, na chambueni juu ya shuka safi mbali na kuku.

Msinyunyizie maji kuongeza uzito. Katika kilo 100 za pamba yenye mbegu, nyuzi ni kilo 35 hivi tu. Maji huleta ukungu na kuzigeuza manjano. Ng'ata mbegu: ikilia kwa kuvunjika, pamba imekauka, ikibonyea, iongezeni jua.

Nimenunua mashine tatu za kiwandani zilizotumika, kutoka Ulaya, za fezi tatu. Hapa nina fezi moja. Fundi anataka kubadilisha mota zote. (Mwenye karakana, Nakuru)

Mzuie kwanza, kasome kibao kilicho kwenye mota. Kikiandikwa 230/400 V, mota inabaki. Nunua inveta inayopokea fezi moja ya volti 240 na kutoa fezi tatu za volti hizohizo, halafu fundi abadilishe vipande vya shaba ndani ya kisanduku cha mota kutoka nyota kwenda pembetatu, namna mbili za kuunganisha nyaya za mota. Hatua hii ndiyo husahaulika. Mota ikiachwa nyota hupata nguvu kama theluthi tu, inanguruma, inapata joto, na inveta inajizima. Kikiandikwa 400/690 V, inveta hiyo haitafaa. Omba fezi tatu za Kenya Power au mota isukwe upya.

Mota ya kilowati 2.2 kwenye fezi moja huvuta ampia zinazokaribia 24, kwa hiyo waya uwe wa milimita za mraba 4 na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi. Usiweke swichi ya kuwasha na kuzima kati ya inveta na mota, huunguza inveta. Swichi iunganishwe kwenye vituo vya kuamuru vya inveta yenyewe.

Beringi nazo zina namba pembeni. 6204, kwa mfano, ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47 na unene 14, popote ilikotengenezwa. Zungusha kila shafti kwa mkono stima ikiwa imezimwa. Ukisikia inakwaruza, badilisha kabla ya kuwasha. Mwisho, kabla hujamlipa muuzaji salio, fundi apime kama nyaya za mota zinavujisha umeme, kwa mega, kifaa cha kupima hilo, ya volti 500. Ikisoma chini ya megaohmu 1, mota imelowa au imeungua: ikaushe siku mbili, ipimwe tena, na salio libaki mfukoni mwako hadi hapo.